Likasi: Maji ndiyo yaliyoujenga mji, lakini nani analipa deni la mto?

Anayetoka Lubumbashi kwenda Likasi kwa barabara ya taifa namba 1 anavuka daraja la mto Lufira kabla ya kuingia mjini. Wasafiri wengi hawautazami mto huo. Macho yao yako kwenye malori: yale yanayoteremka na shaba kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, na yale yanayopanda na asidi, chokaa na mafuta kuelekea migodi ya Lualaba. Lakini anayetaka kuielewa Likasi na aanze na mto, halafu ndiyo ayatazame malori.

Likasi iko karibu kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, nusu njiani hivi kwenda Kolwezi. Ni mji wa pili wa jimbo la Haut-Katanga. Una komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Panda ni jina la mto unaopita mjini. Shituru ni jina ambalo kila mtu wa Katanga akilisikia anafikiria kiwanda. Mto na kiwanda vimeishi pamoja hapa kwa karibu miaka 100, na swali ambalo halijapata jibu ni hili: faida ya kiwanda inajulikana inakokwenda, lakini hasara inayobebwa na mto ni ya nani?

Swali hilo si la Likasi peke yake. Mwaka 2024 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba na kushika nafasi ya pili duniani nyuma ya Chile. Migodi imeongezeka, lakini mito ni ile ile.

Kwa nini kiwanda kiliwekwa hapa

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, mwaka 1910, na kufika Kambove mwaka 1913, ikipitia eneo la Likasi. Mji uliokua hapo uliitwa baadaye Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo. Jina la Likasi lilirudi baada ya uhuru, wakati wa Mobutu.

Mwanzoni mawe yenye shaba nyingi yaliyeyushwa kwa moto huko Lubumbashi. Lakini mawe mengi ya Katanga hayafai sana kwa moto. Yanasagwa, yanayeyushwa ndani ya asidi, halafu umeme unapitishwa katika maji hayo hadi shaba safi inaganda kwenye sahani. Kazi hiyo ndiyo iliyoanza Shituru mwaka 1929. Inahitaji vitu vitatu kwa wingi: asidi, umeme na maji.

Umeme ulipatikana kwenye Lufira. Mahali mto unapoporomoka, Mwadingusha, Wabelgiji walijenga bwawa na kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1930. Nyuma ya bwawa maji yalifunika tambarare na kuzaa ziwa ambalo halikuwepo: ziwa Tshangalele. Mwaka 1950 kituo cha pili, Koni, kilifunguliwa chini yake kidogo. Baadaye vikaja Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, upande wa Kolwezi.

Hivyo ziwa ambalo leo lina wavuvi, ndege na vijiji lilizaliwa kwa ajili ya kiwanda. Na kwa sababu mji uko juu ya ziwa, maji yanayotoka mjini yanateremka humo. Mito midogo kama Panda na Buluo inachukua maji ya mji na ya Shituru na kuyapeleka Lufira, na Lufira inayaingiza Tshangalele. Kutoka hapo maji yanapita kwenye mitambo ya Mwadingusha na Koni, yanaelekea kaskazini, na mwishowe yanajiunga na Lualaba katika eneo la maziwa ya Upemba. Anayekunywa maji ya Lualaba mbali huko chini naye anahusika na yanayotendeka Likasi, hata kama hajawahi kufika hapa.

Mji ambao dunia ilikuja kuuchukua

Watu wa nje wanalikumbuka eneo hili kwa mambo mawili. La kwanza ni Shinkolobwe, mgodi ulioko karibu kilomita 20 kutoka mjini, uliotoa sehemu kubwa ya uranium iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1960. Miaka mingi baadaye wachimbaji wa mikono, wale tunaowaita creuseurs, waliingia humo kutafuta kobalti, na mwaka 2004, ingawa serikali ilikuwa imekwisha kupiga marufuku uchimbaji, udongo uliporomoka na kuua watu.

La pili ni vita vya Septemba 1961. Wanajeshi zaidi ya 150 wa Ireland waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa walizingirwa Jadotville na askari wa Katanga ya Moïse Tshombe pamoja na mamluki. Walipigana siku tano. Wenzao waliotumwa kuwaokoa walizuiwa wapi? Kwenye daraja la Lufira. Mwaka 2016 ilitoka filamu juu ya kisa hicho, na kwa vijana wengi wa Ulaya jina la Jadotville ni filamu tu.

Kwa wenyeji, kumbukumbu iliyo nzito zaidi ni nyingine. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali na ndipo Gécamines ilipoanza safari yake. Kwa familia nyingi za Panda na Shituru, Gécamines ilikuwa mshahara, nyumba, shule, hospitali na mfuko wa unga wa bukari. Mwaka 1986 kampuni ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Kisha ikaanza kuanguka. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, huko Kolwezi, uliporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji wa mwaka mzima ulikuwa chini ya tani 50,000.

Kazi zilipokwisha, siasa ya ubaguzi ilipata mlango. Mwaka 1992, Katanga ilipowaka moto baada ya mabadiliko ya serikali Kinshasa, familia za watu wenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi, nyingi zikiwa zimeishi hapa vizazi viwili au vitatu. Maelfu walilala kwenye kituo cha gari moshi wakisubiri mabehewa, na wapo waliofia hapo kwa magonjwa na njaa. Wazee wa mji hawapendi sana kulizungumza jambo hilo. Linapaswa kutajwa hata hivyo, kwa kuwa mzigo wa kuanguka kwa kampuni waliubeba watu wasiokuwa wamesaini mkataba wowote wala kuongoza ofisi yoyote.

Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Likasi ilikuwa moja ya miji iliyoguswa zaidi. Wengi walirudi kwenye jembe, makala, biashara ndogo au mashimo ya madini. Leo Gécamines bado ipo Shituru, na pembeni yake iko kampuni ya Shituru Mining Corporation, ambamo Wachina na Gécamines ni washirika. Mji ambao ulijengwa na tajiri mmoja sasa una matajiri wengi, na ni vigumu zaidi kujua ni nani wa kuulizwa.

Matope hayakuondoka na mabosi

Kiwanda kinaposimama, mshahara unakatika siku hiyo hiyo. Uchafu haukatiki. Mabaki ya miaka mingi ya Shituru na Panda yamelala kwenye marundo, kwenye mabwawa ya zamani na chini ya mito. Kila msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, maji yanayasukuma sehemu yake kuelekea Lufira.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wamepima jambo hili kwa miaka mingi. Katika bonde la juu la Lufira walikuta shaba, kobalti na metali nyingine katika maji, matope, mimea na samaki. Mwaka 2009 timu ya profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na profesa Benoit Nemery ilichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga. Wale walioishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno, kiasi ambacho watafiti hao walikieleza kuwa cha juu kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida, yaani watu wasiofanya kazi na madini hayo. Watoto walionekana kuwa katika hatari zaidi kwa sababu wanacheza kwenye vumbi.

Hapa tuwe waangalifu. Kuwa na kobalti mwilini si sawa na kuwa mgonjwa, na hakuna anayeweza kusema kwamba kila ugonjwa wa Likasi umetoka Shituru. Metali inaingia mwilini kwa njia nyingi: vumbi la barabara, mboga zilizomwagiliwa maji ya mto, samaki, maji ya kisima. Lakini ugumu huo ndio sababu ya kupima mara kwa mara, wala haupaswi kuwa sababu ya kukaa kimya. Mama anayenunua kambale wa Tshangalele sokoni hawezi kuiona kobalti kwa macho. Mvuvi aliyemvua naye hawezi. Wote wawili wanategemea mtu mwenye maabara awaambie ukweli, na mtu huyo hawana njia rahisi ya kumfikia.

Ajabu ni kwamba bonde hili linatambuliwa duniani kuwa lenye thamani. Sehemu yake imewekwa na UNESCO katika hifadhi za viumbe hai tangu mwaka 1982, na mwaka 2017 bonde la Lufira liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwenye karatasi, ziwa linalopokea maji ya Shituru ni urithi wa dunia nzima.

Umeme unapita juu ya vichwa

Mwadingusha ni mfano mzuri wa jinsi mambo yalivyopangwa. Mitambo yake ilikuwa imechakaa. Kampuni ya mgodi wa Kamoa, ulio karibu na Kolwezi, ilishirikiana na SNEL kuikarabati, na mwaka 2021 mitambo yote sita ilianza tena, ikiwa na uwezo wa megawati 78. Kwa kubadilishana, mgodi ulipata umeme kutoka kwenye gridi ya taifa.

Si vibaya kukarabati bwawa. Bila fedha za mgodi huenda mitambo hiyo ingebaki chuma kibovu. Lakini mkazi wa Kikula anayekaa gizani jioni, au wa kijiji kilicho kando ya ziwa, ana haki ya kuuliza: nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda wapi, na sisi tumetengewa nini? Maji ya Lufira yanatoa umeme kwa mgodi ulio mbali, na yanapokea takataka za kiwanda kilicho karibu. Watu wanaoishi kati ya hivyo viwili hawakuketi kwenye meza ya makubaliano yoyote.

Kuna hatari nyingine inayowahusu hata wenye migodi. Ziwa linajaa matope. Misitu ya juu ya bonde inakatwa kwa ajili ya makala ya Lubumbashi na Likasi, na udongo ulioachwa wazi unateremka na mvua. Ziwa likipungua kina, umeme nao unapungua. Anayelinda mto analinda pia mitambo yake.

Sheria inatazama shimo, haitazami mto

Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 iligawa upya mrabaha wa madini, ile redevance. Serikali kuu inapata asilimia 50, jimbo asilimia 25, mamlaka ya mahali uchimbaji unapofanyika, yaani mji, komini, sekta au uchifu, asilimia 15, na asilimia 10 inawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya miradi ya jamii zinazoguswa na mgodi.

Hizi ni hatua kubwa. Kabla ya hapo mrabaha ulitakiwa kushuka kutoka Kinshasa na mara nyingi haukushuka. Lakini soma vizuri maneno yale: mahali uchimbaji unapofanyika. Asilimia 15 inafuata shimo. Likasi, kwa sehemu kubwa, ni mji wa kusafisha madini, na mawe mengi yanayoingia katika viwanda vya aina hii yanatoka sehemu nyingine. Shimo likiwa kwingine, fedha zinakwenda kwingine, na maji machafu yanabaki hapa. Vijiji vya ziwa viko mbali zaidi na fedha: viko nje ya mji, katika eneo la Kambove, havina shimo wala kiwanda. Vina matope tu.

Sheria hiyo hiyo ina silaha nyingine ambayo wananchi wengi hawaijui. Inasema mwenye haki ya kuchimba analazimika kulipa madhara ambayo shughuli zake zimewaletea watu, mali na mazingira, hata kama hakufanya kosa wala uzembe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 nayo inasimama juu ya kanuni kwamba anayechafua ndiye analipa. Tatizo linabaki kwenye matope ya zamani. Yapo ya Union Minière, yapo ya Gécamines, yapo ya kampuni za leo, na yamechanganyika chini ya mto mmoja. Kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole, mvuvi hamjui wa kumpeleka mahakamani.

Majirani wameshaonja

Tarehe 18 Februari 2025, huko Zambia, ukuta wa bwawa la takataka la kampuni ya Sino-Metals Leach ulibomoka karibu na Chambishi. Lita zinazokadiriwa kuwa milioni 50 za maji yenye asidi ziliingia kwenye kijito na kufika mto Kafue. Samaki walikufa, mashamba yakaungua, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Novemba mwaka huo huo, Lubumbashi ilishuhudia maji ya kiwanda cha Congo Dongfang Mining yakifurika mitaani, na wizara ya migodi ikasimamisha kazi za kampuni hiyo.

Katika visa vyote viwili serikali zilichukua hatua kwa sababu ajali ilionekana. Maji yalibadilika kwa siku moja, picha zikapigwa, mawaziri wakaja. Lufira haijawahi kupata siku kama hiyo. Uchafu wake umeingia kidogo kidogo kwa karibu miaka 100, bila kelele, na ndiyo maana hakuna waziri aliyekuja mbio. Lakini samaki hawajui tofauti ya ajali na desturi.

Nini kifanyike

Wako watakaosema kwamba kugusa jambo hili ni kuhatarisha kazi. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa hapa, katika mji ambao umeona maisha bila mshahara. Hakuna mtu wa Panda anayetaka Shituru ifungwe. Lakini kuchagua kati ya kiwanda na mto si lazima. Maji ya asidi yanaweza kutulizwa kwa chokaa kabla ya kutoka kiwandani, na chokaa iko hapa hapa, Kakontwe. Kinachokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba inatumiwa kila siku, hata usiku na hata mvua ikinyesha.

Hatua ya kwanza haigharimu sana. Congo inatangaza mikataba na malipo ya kampuni za madini kupitia mpango wa kimataifa wa uwazi, ITIE. Matokeo ya vipimo vya maji yanaweza kutangazwa vivyo hivyo: Panda, Buluo, Lufira na Tshangalele, kila mwezi, kwenye ukuta wa komini na kwenye redio za mji, kwa lugha ambayo mvuvi anaielewa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina watu wanaoweza kupima. Wanahitaji fedha za kudumu na ruhusa ya kuingia mahali wanapotakiwa kuingia.

Hatua ya pili ni ya wabunge wa jimbo na wa taifa waliochaguliwa hapa. Jamii inayoguswa na mgodi isihesabiwe kwa kilomita kutoka kwenye shimo peke yake. Ihesabiwe pia kwa kufuata maji. Kijiji cha Tshangalele kikiingia katika orodha ya ile asilimia 0.3, kinaweza kupata kisima salama na zahanati bila kusubiri kesi ya miaka 20.

Hatua ya tatu ni kuyapa matope ya zamani mwenyewe. Serikali ndiyo iliyoichukua Union Minière, na serikali ndiyo mwenye Gécamines. Kwa hiyo deni la zamani ni la taifa, na mfuko wa vizazi vijavyo, ule wa asilimia 10, ungeweza kuwa mahali pa kuanzia. Kizazi kilichotajwa katika jina la mfuko huo kimekwisha kuzaliwa. Kinaogelea Lufira.

Bei ya shaba imepanda, katikati ya mwaka 2024 tani moja ilivuka dola 10,000 huko London. Reli ya Lobito inatafuta mizigo, na upande wa Congo njia yake inapitia Tenke, si mbali na hapa. Kobalti imewekewa viwango vya kuuzwa nje tangu Oktoba 2025 ili thamani yake isianguke. Kila mtu anahesabu tani na dola. Ni wakati mzuri wa kudai hesabu ya maji, kwa sababu kampuni zina fedha. Zilipoanguka miaka ya 1990, hapakuwa na wa kudaiwa, na Likasi inajua siku hizo zinafananaje.